Saa ya kukimbilia: ninunue ipi?

Mimi ni mwandishi wa gazeti, na mwenye nyumba wangu anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Naanza na hilo ili mjue kwamba ninapotaja saa ya dola 350 sifanyi utani. Lakini nimeshajiandikisha nusu marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 21 zinazopanda kutoka Moshi mjini kuelekea Mweka kisha kuteremka tena, na nataka kumaliza chini ya saa mbili. Kwa hiyo saa nitanunua. Ipi sasa?

Najua hoja ya wazee. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakuwa na satelaiti ya kumwambia kasi yake. Kweli kabisa. Ila Bayi alikimbia uwanjani, ambako kila mzunguko unajulikana ni mita 400, halafu jamani, alikuwa Bayi! Mimi nakimbia barabarani alfajiri, kabla daladala hazijaanza fujo, na nguzo za umeme hazihesabu kilomita.

Saa hizi husikiliza satelaiti zilizo kilomita 20,000 na ushee juu yetu, na huhitaji angalau nne ili kujua zilipo. Pale Daraja la Tanzanite, bahari huku na huku, karibu saa yoyote ya maana inatosha. Kasheshe ni Posta. Mawimbi yanagonga kuta na vioo vya maghorofa kabla ya kukufikia, na saa inaamini umekatiza ndani ya benki. Ndiyo maana Garmin Forerunner 255 ya mwaka 2022 na Coros Pace 3 ya mwaka 2023 hupokea mawimbi ya masafa mawili, zikaweza kuuchuja ule mwangwi vizuri zaidi. Forerunner 55 ya mwaka 2021 haina ujanja huo. Kwa bei zilipotoka, ya kwanza ilikuwa dola 350, ya pili 229, ya tatu 200.

Na tafadhali, uwe macho na zile za bei ya kutupa. Boksi limeandikwa GPS, kumbe inategemea GPS ya simu yako. Muulize muuzaji: nikiacha simu nyumbani, itapima umbali? Akianza kukusifia rangi ya mkanda, aga uondoke.

Lakini kilichonifanya niamue ni mlima. Kwenye tambarare, dakika tano na nusu kwa kilomita ni kasi ninayoimudu. Ukiing'ang'ania kasi hiyo hiyo kuelekea Mweka, utateremka ukiwa umekwisha. Kule juu cha kutazama ni mapigo ya moyo, na hapo saa ya mkononi, hata ya bei kali, ina udhaifu: inamulika ngozi kwa taa za kijani ili kufuata mwendo wa damu, na saa ikilegea au mapigo yakipanda ghafla, inababaika. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe.

Basi nachukua Forerunner 55 pamoja na mkanda. Chenji inayobaki kwenye zile 350 inakwenda kwa mwenye nyumba. Posta nitaikwepa, nitakuwa naenda zangu Coco kupitia darajani. Muziki, malipo na saa ya kunipimia usingizi sivihitaji. Mhariri wangu ananiambia kila asubuhi kwamba sijalala, tena bure.

Binamu yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao na ndiye nimemwagiza. Nimempigia simu kumpa vipimo vya kifua changu kwa ajili ya mkanda. Bado anacheka.