Mashine Iliyokuwa Ikinichagulia Picha

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi Dar es Salaam, na harusi ya hapa haiishi siku moja. Kuna kichenipati, kuna sendofu, kuna ndoa yenyewe, kisha ukumbini mpaka MC akaukwe na sauti. Familia moja inaweza kukuachia picha elfu tatu na ushee. Watu huniuliza natumia kamera gani, lenzi gani, taa gani. Sijapata mtu wa kuniuliza picha hizo nazisafishia kwenye kompyuta gani. Nami nashuhudia kwamba hakuna lenzi iliyozibadilisha picha zangu kama lilivyozibadilisha kasha jeusi la chuma lililo chini ya meza yangu, kasha nililolijaza mwenyewe kifaa kimoja kimoja mwaka 2022.

Kabla yake nilikuwa na laptopu ya RAM GB 8, diski ya kuzunguka na kioo cha bei ya chini. Haikuwa mbovu. Ingekuwa mbovu ningeshaitupa; ilikuwa ya kuvumilika, na kitu cha kuvumilika hukukunja taratibu mpaka unasahau ulikuwa umenyooka. Faili moja la RAW, yaani picha ghafi, la kamera ya megapikseli 24 huwa na MB 25 hadi 50, kutegemea kamera na namna inavyolibana. Kila nikiongeza mwanga kwenye programu ya Lightroom, picha iliganda na kufanya ukungu, huku diski ikikwaruza. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuitumia diski kama RAM, na diski ya kuzunguka haiwezi kasi hiyo. Basi nikaachana na RAW, nikawa napiga JPEG.

Hapo ndipo mashine ilipoanza kunichagulia. Ndani ya JPEG, kila moja ya rangi tatu ina ngazi 256 za mwanga, kutoka giza totoro hadi weupe mtupu. RAW ya biti 14 inazo 16,384. Ukipiga picha ya kikombe mezani hutaona tofauti. Sasa msimamishe bibi harusi mweusi tititi, mwenye shela jeupe, nje ya kanisa saa saba mchana. Ukililinda shela, uso unazama gizani. Ukirudi nyumbani ukauinua uso huo kwenye JPEG, unapata ngozi ya kijivu yenye mabaka, kwa sababu ngazi za kuuinulia hazimo tena kwenye faili. Nikazoea kuwakimbiza maharusi kivulini. Nikazoea kuyakwepa madirisha. Nikawa napiga flashi ya usoni kwa kila kitu, na watu wakaanza kusema wanaitambua staili yangu.

Laptopu mpya ya maana niliulizia bei, nikanyamaza. Mdogo wangu, aliyekuwa chuo wakati huo, ndiye aliyeleta wazo. "Dada, kwa hela hiyo unanunua kitu ambacho RAM imegandishwa humo humo. Tununue vipande, ukipata hela unaongeza." Mama naye alikuwa na lake: "Laptopu ina betri, mwanangu. Hilo kabati lenu, umeme ukikatika?" Swali la mama lilikuwa na akili kuliko mengi niliyoulizwa dukani, na ndiyo sababu UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, iliingia kwenye bajeti kabla ya kioo.

Kariakoo, ukisema unataka kompyuta yenye nguvu, unaonyeshwa ya gemu. "Dada, chukua hii, inawaka taa rangi zote," kijana wa dukani aliniambia, na kweli feni zilikuwa zinameremeta kama ukumbi wa sendofu. Lakini kazi ya picha ina mpangilio wake. Kutengeneza picha za hakikisho na kutoa JPEG za mwisho wakati ule ilikuwa hasa kazi ya prosesa. Kufungua picha nyingi bila kuganda ni kazi ya RAM. Kuziita kutoka zilikohifadhiwa ni kazi ya diski. Kadi ya grafiki wakati ule ilikuja nyuma ya hizo zote, na bei yake ilikuwa bado haijatulia baada ya wachimbaji wa sarafu za mtandaoni kuzigombania dunia nzima.

Tukachukua Ryzen 5 5600G, prosesa ya viini sita yenye grafiki yake ndani, isiyohitaji kadi. Madabodi ya B550. RAM GB 32, vijiti viwili vya 16. SSD ya NVMe ya TB 1 kwa kazi inayoendelea, na diski ya kuzunguka ya TB 4 kwa kazi zilizokwisha. Kasi ya SSD ya aina ile, kwa hesabu za kiwandani, hufika MB 3,500 kwa sekunde, wakati diski ya laptopu za kawaida huhangaika kufikia 150. Pawa saplai tulinunua peke yake. Makasha mengi ya bei poa huuzwa na pawa saplai ndani, imeandikwa wati 500, ukiinyanyua nyepesi kama boksi tupu. Mimi siamini wati zisizo na uzito.

Kuunga ni kazi ya mchana mmoja, na inahitaji utulivu zaidi ya elimu. Prosesa ya soketi ya AM4 kama yetu ina pini kwa chini, nyembamba kama sindano, na ina pembetatu ndogo kwenye kona. Ukiilinganisha na pembetatu ya soketi inatumbukia yenyewe, hakuna kusukuma. Vijiti viwili vya RAM huingia nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ili vifanye kazi kwa pamoja, na kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa jambo hilo ni kubwa kwa kuwa inaazima RAM hiyo hiyo. Tatizo ni vile vijiwaya vya kitufe cha kuwashia. Vidogo, maandishi yake hayasomeki, na pini zake zimejificha kona ya chini kabisa ya madabodi. Mdogo wangu alishika tochi ya simu, mimi nikashika kibano cha nyusi.

Ilipowaka tulipiga vigelegele, kisha mdogo wangu akaingia kwenye mipangilio ya BIOS na kuniita. RAM tuliyolipia kasi ya 3200 ilikuwa ikienda 2133. Ndivyo RAM nyingi za DDR4 huanza mpaka uwashe mpangilio uitwao XMP. Wangapi wanatumia kompyuta zao miaka yote bila kujua hilo?

Kasi nimeizoea, siisikii tena. Kioo ndicho kilichonipindua. Kioo cha laptopu yangu kilikuwa TN: ukiinamisha kidogo, ngozi inabadilika rangi, kwa hiyo rangi ya mteja ilitegemea nimekaaje. Cha mezani ni IPS ya inchi 27, na ukikitazama kwa ubavu rangi haihami. Mpiga picha mwenzangu aliniazima kipima rangi, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo kikasoma rangi zinazotolewa. Vioo vingi hutoka kiwandani na mwanga mkali, kandela 250 kwa mita ya mraba au zaidi, wakati kwa picha za kuchapishwa inatosha kama 120. Nilipokishusha niliona chumba kimeingia giza. Lakini ndipo nikaelewa kwa nini albamu zilikuwa zinarudi nyeusi, na ugomvi kati yangu na wachapishaji ukaisha wiki ile. Picha inayotazamwa kwenye mwanga mkali huonekana angavu hata kama haijawa angavu.

Na ngozi. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Filamu imepita, lakini vichujio vingi vinavyouzwa leo bado humng'arisha mtu bila kumwuliza. Kwenye kioo kilichopimwa niliona wekundu ulio chini ya weusi, na samawati kwenye paji la uso jua linapogonga. Nikaacha kuvifuta. Mama mmoja wa bibi harusi alikaa nami kuchagua picha za albamu, akaishika moja, akasema, "Hapa ndipo kafanana na bibi yake. Zile za wenzako zinamfanya mgeni."

Nimerudi RAW, hata ukumbini usiku chini ya zile taa za LED za zambarau ambazo mapambo ya siku hizi hayakamiliki bila hizo. Aprili 2023 Adobe walileta kwenye Lightroom uondoaji wa chenga unaotegemea kadi ya grafiki. Kwa 5600G, picha moja ilinitosha kuchemsha chai. Kufikia hapo uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi ulikuwa umekoma tangu Septemba 2022 na kadi za mtumba zimezagaa, nikapata RTX 3060 ya GB 12. Tulifungua ubavu wa kasha, tukaichomeka, tukafunga. Hapo mdogo wangu alijidai sana, na ana haki.

UPS hunipa dakika chache, za kuhifadhi na kuzima kwa adabu. Mama huita hizo dakika zake.

Kwaresma ijayo, harusi zikipungua, nataka kutoa 5600G na kuweka Ryzen 9 5900X ya viini kumi na viwili. Soketi ni ile ile. Ile ya zamani ameshaiomba mdogo wangu. Amepata kasha na pawa saplai, na ananiulizia kama kibano bado ninacho.