Mlima wa Buluu Ukutani Kwetu



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya picha. Wengi wenu mliofika nyumbani kwetu mmeiona sebuleni, na baadhi yenu mmetuuliza kwa upole kwa nini nyumba ya paroko itundikwe picha ya namna ile. Tumechelewa kuwajibu, na sababu ya kuchelewa kwetu ndiyo tunayotaka kuieleza leo.

Picha hiyo ilitufikia ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la karatasi ngumu, zawadi ya rafiki yetu aliyeko Uswisi. Ni nakala iliyochapwa tu. Kazi yenyewe, ya rangi za mafuta, ilichorwa mwaka 1919 na Mjerumani Ernst Ludwig Kirchner, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa ya Detroit, Marekani. Jina lake, tukilifasiri, ni Mandhari ya Majira ya Baridi katika Mwanga wa Mwezi. Inaonyesha milima ya karibu na Davos, huko huko Uswisi. Milima imepakwa buluu nzito, miti ni ya waridi iliyokolea hata kukaribia wekundu, na juu yake mwezi wa manjano unazama katikati ya mawingu mekundu.

Tulipoikunjua mezani tulicheka. Mama anayetupikia aliitazama kwa muda, akafuta mikono yake kwa kanga, akasema, “Baba, huyu mchoraji aliishiwa rangi ya kijani.”

Sisi tunaoishi Kigoma hatuhitaji kufundishwa habari za milima. Kila siku tunaitazama milima ya Kongo, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi moshi wa mioto na vumbi huificha, hata mgeni akadhani ziwa letu halina mwisho. Mvua za kwanza zikinyesha, anga husafishika na milima husogea karibu kana kwamba ilisafiri usiku. Jua likitua nyuma yake huwa ya buluu, kisha ya zambarau, kisha giza huimeza. Jioni ile ile ya kufungua zawadi tulikaa barazani, tukakumbuka jambo ambalo hatukuwahi kulifikiri. Waliotoka upande ule hutuambia kwamba milima yao ni ya misitu na majani, ya kijani kama milima mingine. Sisi tumeiita ya buluu maisha yetu yote, wala hakuna aliyetuita waongo. Tulisema tulivyoona kutoka mahali tulipokuwa tumesimama.

Hivyo ndivyo walivyofanya wachoraji wa mtindo uitwao ekspreshonizimu, yaani mtindo wa kudhihirisha yaliyo moyoni. Kirchner na wenzake watatu waliunda kikundi chao mjini Dresden mwaka 1905. Waliacha kunakili rangi kama macho yanavyoziona, wakapaka kama nafsi inavyozipokea. Wala mambo yao hayakuwa mbali sana nasi. Walijifunza mengi kwa kuzitazama sanamu za Afrika na za visiwa vya Pasifiki zilizowekwa katika makumbusho ya mji huo. Mmoja wa kikundi hicho, Max Pechstein, alimwongoza mchoraji wa Afrika Kusini, Irma Stern, ambaye alikuja Unguja mwaka 1939 na tena mwaka 1945. Bibi huyo alizipenda mbao za kale za Unguja zenye nakshi, hata akazifanya kuwa fremu za picha zake.

Nasi tuliona vema picha yetu ivikwe mti wa nchi yetu. Tuliipeleka Ujiji kwa fundi seremala, akatutengenezea fremu ya mninga yenye kioo. Yeye ndiye aliyetufundisha namna ya kuitunza. Alitwambia tusiitundike mahali ambapo jua la jioni litaipiga, maana rangi za kuchapwa hufifia upesi. Nyuma ya fremu alibandika vipande vinne vya kandambili kuukuu, ili isigusane na ukuta. Unyevu wa masika ukipanda ukutani, karatasi hujikunja na kuota ukungu. Tukaitundika kwenye ukuta usiopata jua, mkabala na kiti cha wageni.

Hapo ndipo maswali yalipoanza, nasi tukawa na jibu tulilolizoea. Tuliwaeleza wageni habari za vita. Mwaka 1915, mwaka ule ule ambao meli Graf von Götzen ilishushwa majini hapa Kigoma baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, Kirchner aliingia katika mafunzo ya jeshi la nchi ile ile. Mwaka huo huo afya yake ya mwili na ya akili ilivunjika, akaachiliwa. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha meli yao ili isitekwe. Mwaka 1917 Kirchner alipelekwa Davos akiwa mgonjwa, mikono yake haimtii, usingizi umempa taabu, naye amekuwa mtumwa wa dawa za kutuliza maumivu. Huko alianza kuchora milima. Meli iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wageni wetu waliipenda sana sehemu hii. Kilichozama kiliibuliwa, aliyevunjika aliinuka akachora. Tuliishia hapo, tukawakaribisha chai.

Lakini hapo sipo habari inapoishia, nasi tulijua. Mwaka 1937 watawala wa Kinazi waliziita kazi za wachoraji hawa sanaa potovu, wakaondoa kazi 639 za Kirchner katika makumbusho ya Ujerumani. Tarehe 15 Juni 1938, karibu na milima hiyo hiyo aliyoichora, alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Hatukulisema hilo. Tulijiambia kwamba tunawalinda watu, kumbe tulikuwa tukiilinda simulizi yetu nzuri. Mzee mmoja wa jumuiya, aliyekuwa amesoma habari hizo mahali fulani, alitujia faraghani. “Baba Paroko,” alisema, “je, yafaa nyumba hii itundike kazi ya mtu aliyekufa kifo cha namna hiyo?” Hatukuwa na jibu lililo tayari. Tuliiondoa picha sebuleni, tukaiegemeza ukutani ukumbini, uso wake ukielekea ukuta.

Ilikaa huko hata alipokuja mzee mvuvi kutoka Kibirizi kuzungumza nasi juu ya misa ya kumbukumbu ya kitinda mimba wake. Kijana huyo alifia ziwani miaka kadhaa iliyopita. Sisi tuliomzika tulisema kwamba alizama, na watu wote walisema hivyo. Mzee alipopita ukumbini aliuliza ni nini kile kilichogeuziwa ukuta. Tukaigeuza. Aliinama, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote aliyetangulia.

“Huu ni usiku wa mbalamwezi,” alisema. “Kwetu sisi huu ni usiku wa njaa.”

Ninyi wa mwambao wa ziwa mnafahamu alichokisema. Dagaa huvuliwa gizani, kwa kuvutwa na taa. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki, mitumbwi hulala mchangani na mvuvi hukaa akiuhesabu mwezi upungue. Tulikuwa tumetazama mwezi ule kwa miezi mingi tukiona uzuri tu. Yeye aliona mtu aliye macho wakati wenzake wote wamelala. Akatuuliza, “Aliyechora hii, alikuwa akilala?”

Tulimjibu kwamba usingizi ulimkimbia. Kisha, kwa kuwa alikuwa akitutazama usoni, tukamweleza na mwisho wake, bila kupunguza.

Mzee alinyamaza kitambo. Akasema, “Wangu pia hakulala. Usiku wa mbalamwezi alikuwa akitembea ufukweni, anakwenda, anarudi. Nilidhani ana mambo ya ujana. Baba, mtoto wangu hakuzama kwa bahati mbaya, nanyi mnajua.” Alisema miaka yote hiyo hakupata mtu wa kumwambia neno hilo, kwa sababu kila aliyekuja kumpa pole alikuja na neno la kuzama mdomoni. Na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Hatukuwa na hotuba. Tuliketi naye. Tulimweleza yale ambayo tulipaswa kumweleza siku ya mazishi: kwamba Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba mateso makubwa ya nafsi huweza kupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, bali tuwaombee. Alitwambia tuandike jina la mwanawe katika nia za misa, bila kuongeza maneno “aliyezama ziwani.” Tuliandika hivyo.

Baada ya yeye kuondoka tuliirudisha picha sebuleni, na mzee wa jumuiya tumekwisha kumpa jibu letu. Tulimwambia kwamba hatukutundika kifo cha mtu yule; tumetundika usiku mmoja ambao aliuvuka, mwaka 1919, akatuachia ushahidi wa jinsi ulivyokuwa. Mzee hakukubali yote, wala hatukumlazimisha. Bado akija huchagua kiti kinachoipa picha mgongo, na chai tunakunywa pamoja kama zamani.

Wapendwa, mtu akituuliza sasa habari ya mlima wa buluu na miti ya waridi, tunaisimulia yote hadi mwisho wake. Nanyi mkiwa na mtu nyumbani ambaye usingizi umemkimbia, anayetembea huku na huko wakati mwezi umejaa, msingoje asubuhi, wala msiseme ni ujana. Ketini naye, mwulizeni waziwazi, msimwache peke yake, na mmfikishe kwa mganga wa hospitali. Mlango wetu nao mnaujua. Bisheni hodi saa yoyote ya usiku.