Risiti ya Jina la Mtu Mwingine

Aprili 1971, Serikali ya Tanzania ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, watu wa rika la baba yangu walijiona wamefunguliwa mlango. Karani, fundi wa reli na mpiga chapa, ambao mipango miji ya mkoloni iliwaweka Ilala na Magomeni jijini Dar es Salaam, sasa waliweza kufikiria kuishi Upanga au katikati ya mji. Majengo yalikabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, nalo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, liliendelea kujenga nyumba za matofali pale palipokuwa na vibanda. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Nyumba ilikuwa mahali pa kuishi, basi.

Najua kilichoumiza. Wenye majengo yale, wengi wao Waasia, walipoteza walichojenga kwa jasho, na familia nyingi zikahamia Uingereza na Kanada. Dhuluma hiyo siifuti. Lakini nasema pia kwamba lengo lilikuwa jema: mfanyakazi wa kipato cha chini apate paa analoweza kulilipia. Ninaomboleza namna lengo hilo lilivyoliwa kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, bila mtu hata mmoja kutangaza kwamba limefutwa.

Sisi tulihamia flati ya ghorofa ya pili katika mojawapo ya majengo hayo. Mlango uliotazamana na wetu aliishi mama mmoja mjane na wanawe. Risiti zake za kodi ziliandikwa jina la mwanamume ambaye hakuna mtoto wa jengo lile aliyewahi kumwona. Mwenye jina alikwisha kuondoka nchini. Jina likabaki kwenye faili, funguo zikabaki kwa ndugu yake, na mama yule akawa analipa mara mbili kila mwezi. Alilipa dirishani kwa kiwango cha serikali, akapewa risiti ya jina la mtu mwingine. Kisha alilipa sebuleni kwake kwa kiwango cha mtaani, bila karatasi yoyote. Na kabla ya kuingiza hata mkeka alikuwa ametoa kilemba, fedha ya kumtoa aliyetangulia, ambayo aliipata kwa kuuza cherehani za marehemu mumewe. Risiti alizikunja vizuri akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Alizitunza kama hati, ingawa hazikuweza kumtetea popote. Kwa mujibu wa ofisi, hakuwa akiishi pale.

Watu wazima wa jengo walilieleza jambo lile kwa tabia. Huyu ndugu mtu ana roho mbaya, walisema. Yule dalali hana haya. Mimi nilikua na maelezo hayo mpaka nilipoanza kuhesabu. Kodi ya nyumba za umma ilipangwa kwa amri na haikwenda na bei za soko. Miaka ya themanini, bei za sukari, unga na saruji zilipopaa, kodi ilibaki nyuma, nayo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ikaendelea kuifunga. Kati ya kodi ya kwenye karatasi na kodi ambayo mtu alikuwa tayari kulipa palikuwa na tofauti kubwa kila mwezi, kwenye kila mlango. Tofauti ile haikuyeyuka. Ilimwendea yeyote aliyesimama kati ya orodha na funguo.

Na orodha ilikuwa wapi? Kabatini. Shangazi yangu, muuguzi, aliomba nyumba katika ofisi moja ya umma. Kila alipokwenda masijala aliambiwa faili lake liko kwa bosi, au limeshuka, au limepanda, au arudi kesho. Hakuambiwa yuko nafasi ya ngapi, wala nyumba ngapi ziko wazi. Aliyepokea ombi ndiye aliyeweka orodha. Aliyeweka orodha ndiye aliyegawa. Na ukilalamika, malalamiko yalirudi kwenye meza ile ile. Siku moja mlinzi wa getini, kwa huruma kabisa, alimkumbusha kwamba penye udhia penyeza rupia. Shangazi hakupenyeza. Alipanga chumba Manzese, akatembea alfajiri kwenda zamu mpaka alipostaafu.

Mwaka 1988 Mmarekani Robert Klitgaard aliandika kitabu kuhusu kuidhibiti rushwa, na hoja yake inatosha kuieleza ofisi ile: rushwa hukua pale ukiritimba unapokutana na mamlaka ya kuamua utakavyo, na hakuna wa kukuuliza. Mweke pale karani ambaye mshahara wake unaisha katikati ya mwezi, mpe muhuri unaoweza kumpatia mtu nafuu yenye thamani ya mishahara yake ya miaka, kisha ficha orodha. Wako waliokataa hata hapo, na ninawaheshimu mpaka leo. Lakini mfumo uliwafanya waonekane wajinga. Aliyekataa hakupandishwa cheo, na mwombaji aliyefuata utaratibu alibaki nje.

Hatukukosa mahubiri. Ahadi za mwanachama wa TANU tulizikariri shuleni. Zilitufundisha kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba cheo ni dhamana. Tulichokosa ni daftari lililo wazi. Tuliwaapisha watu, tukayaacha makabati yamefungwa.

Uoza ulishuka mpaka kwenye kuta. Kodi ndogo haikutosha kutengeneza paa wala pampu ya maji. Pampu yetu ilipokufa, wapangaji walichanga, na kila aliyechanga alianza kujiona mwenye nyumba. Hoja ikawa: nimetengeneza mwenyewe, nani atanizuia kupangisha uani? Vyumba vikakatwa kwa mbao, veranda zikawa maduka. Kila mtu alikuwa na sababu ya kweli mkononi, na kwa sababu hizo za kweli jengo la umma likagawanywa vipande bila hata kikao kimoja.

Kisha nyakati zikageuka. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa kuwa mwenye nyumba wa kawaida. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Warioba, iliyochunguza rushwa, ilieleza tofauti ya rushwa ndogo, ya wenye mishahara isiyotosha, na rushwa kubwa, ya wenye tamaa na madaraka. Niliposoma maelezo hayo nilimkumbuka mlinzi wa getini, kisha nikayafikiria yaliyokuwa yakija. Mwaka 2002 serikali ilianza kuwauzia watumishi nyumba zake, na nyumba iliyokuwa ya cheo ikawa ya mtu. Mwaka 2005 sheria zikabadilishwa: udhibiti wa kodi ukaondolewa, na Shirika likatakiwa kujiendesha kibiashara.

Wengi tulidhani soko litamaliza kilemba. Kwa kiasi fulani limemaliza. Kodi ilipopanda kukaribia bei ya mtaani, faida ya kushika flati kwa jina la mtu aliye ng'ambo ilipungua. Leo kodi inalipwa kwa namba ya malipo kupitia simu, na lile dirisha la risiti limekwisha. Haya ni mafanikio, na yanaonyesha wazi kwamba watu ni wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio.

Lakini fursa ilihama, nayo rushwa huifuata. Zamani thamani ilikuwa kwenye funguo za flati. Sasa iko kwenye kiwanja chini ya jengo la zamani, kwenye mkataba wa ubia, kwenye uamuzi wa nani aendeleze na nani ahame. Hapo hapana foleni ya wauguzi. Pana meza ya watu wachache. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Shirika la Nyumba likiwa mbia na mwendelezaji binafsi, liliporomoka na kuua watu 36. Sisemi nani alipokea nini. Hilo ni la mahakama. Nasema kwamba umma, uliokuwa mwenye ardhi, ulianza kuuliza maswali juu ya mradi ule wakati miili inatolewa kwenye kifusi. Maswali hayo yalipaswa kuulizwa siku mkataba unasainiwa.

Na nyumba zenyewe zimewapita waliokusudiwa. Muuguzi wa leo akiuliza bei ya flati mpya mjini, hahitaji mtu wa kumdai chochote chini ya meza. Bei yenyewe inamwondoa. Ofisi inaweza kuwa safi kabisa na bado ikawa imeacha kazi iliyoundwa kuifanya. Hili linaniuma kuliko kilemba, maana kilemba tulijua ni kosa.

Pamoja na hayo, nimeona jambo moja linalonipa nguvu. Kota za Magomeni zilipobomolewa, kaya 644 zilitawanyika, na kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka. Wakazi wale hawakunyamaza. Walijuana kwa majina, idadi yao ikatajwa hadharani na kwenye magazeti mara kwa mara, mpaka kila aliyefuatilia habari akaijua. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 644 pale pale. Ucheleweshaji ulikuwa mrefu, na wapo waliofariki wakingoja. Lakini orodha inayojulikana na mtaa mzima ni vigumu kuichomekea mgeni usiku.

Kwa hiyo nikisikia vijana wakisema rushwa iko kwenye damu yetu, nakataa kwa moyo wote. Mama mjane wa jengo letu hakuwa na damu ya rushwa, wala shangazi. Waliwekwa mbele ya kabati lililofungwa, wakachagua kila mmoja alivyoweza. Nyumba za umma zinazojengwa sasa zipewe kile ambacho zetu hazikupewa: orodha ya waombaji ibandikwe ukutani na mtandaoni, anayegawa asiwe anayesikiliza malalamiko, mikataba ya ubia isomwe kabla ya kusainiwa, na sehemu ya nyumba itengwe kisheria kwa wenye mishahara midogo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji malaika. Yalihitajika mwaka 1971, yanahitajika leo, na kila mwaka tunaoahirisha kuna muuguzi mwingine anayeambiwa arudi kesho.