Namba za Magari ya Tiwi

Mbele ya Diani, Tiwi haina mengi ya kujisifia. Iko kusini ya Mombasa, kama kilomita 20 ukishavuka feri ya Likoni, na ufuko wake umejibana chini ya majabali ya matumbawe. Hoteli kubwa zilijengwa ng'ambo ya mto Mwachema, upande wa Diani. Kwetu zilibaki nyumba chache za makuti na kambi yenye kivuli cha minazi. Ndiyo maana watu wa magari ya kulala walitupenda. Walilipa kidogo, wakaegesha kombi zao hatua chache kutoka majini, wakakaa wiki, mwezi, wengine mpaka viza ziishe.

Miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kuchuuza madafu na pweza. Mjomba wangu alikuwa na gereji ya chini ya mwembe pale njia panda, na ndiye aliyenizoesha kutazama kibandiko cheupe cha nyuma ya gari kabla ya kumtazama mwenye gari. D ni Ujerumani, CH Uswisi, NL Uholanzi, na GB wakati huo ilikuwa Uingereza.

"Soma herufi kwanza, mjomba," aliniambia, "ndipo utaje bei."

Magari hayo yalikuja kwa nchi kavu. Vita vya kusini mwa Sudan vilivyoanza 1983 vilikuwa vimeifunga njia ya mto Nile, kwa hiyo wasafiri walikata Sahara kupitia Algeria, wakashuka Niger, Nigeria, Kamerun na Afrika ya Kati, kisha wakazama kwenye tope la misitu ya Zaire. Kombi moja ilifika kwa mjomba ikichemka. Injini yake ilikuwa nyuma, ya kupozwa kwa upepo, na upepo haukuwa na pa kupita. Mjomba alipiga magoti, akakwangua kwa bisibisi uchafu uliogandamana. Juu palikuwa na udongo mwekundu mgumu. Chini yake ukamwagika mchanga mwembamba, laini, rangi ya unga wa dengu. Mwenyewe, Mswisi mwenye ndevu, alifurahi mno kuuona, akaomba tumwachie kidogo. Mjomba aliufuta wote. Injini inataka hewa, alisema, haitaki ukumbusho.

Halafu vibandiko vikaanza kubadilika. Algeria iliingia vitani 1992, Zaire ikafuata 1996, na ile njia ndefu ikafa. Sisi tulijua kwa kuona D zikipungua kambini. Wakati huo huo ubaguzi wa rangi ulikuwa umekwisha Afrika Kusini, na ZA, ambayo hatukuwahi kuiona, ikawa herufi ya kila siku. Namba zao zilikuwa na CA ya Cape Town, au GP ya Johannesburg na Pretoria. Walikuja na Land Rover na Land Cruiser, mahema juu ya paa, nyama yao ya kukausha, na friji.

Friji ndiyo iliyotuumiza. Mtu wa kombi hakuwa na pa kuweka samaki, basi kila asubuhi ilimbidi anunue: changu, ndimu, nazi, mkate. Serikali huhesabu vitanda vya hoteli. Mafungu ya samaki yanayouzwa mlangoni mwa kambi nani ayahesabu? Mimi nashikilia kwamba yule Mjerumani mwenye suruali iliyotoboka aliacha pesa nyingi zaidi mikononi mwa wanakijiji kuliko mgeni wa hoteli aliyefungwa utepe mkononi, ale na anywe humo humo mpaka siku ya ndege yake.

Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliiacha kambi tupu kabisa kwa muda. Watu walirudi polepole. Lami ilipokamilika hadi Moyale mpakani, magari ya Ulaya yakaonekana tena, safari hii malori makubwa yenye paneli za jua na vitanda vya kifahari, yakishuka kupitia Sudan na Ethiopia. Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, na njia hiyo nayo ikafungwa. Mzungu anayetufikia leo na gari lake mara nyingi amezunguka kwa Angola na Namibia, au amelisafirisha kwa meli.

Siku hizi magari mengi kambini ni ya Kenya. Ni familia za Nairobi zenye mahema ya kukunja, wengine wamepita barabara ya Dongo Kundu bila kuiona feri. Bei ya samaki sokoni Kongowea wanaijua, wanabishana nawe kwa Kiswahili hadi jasho likutoke, kisha wanalipa kwa M-Pesa. Nawapenda hivyo hivyo.

Nawe ukipanga kuja, usijaze friji Nairobi. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, mwamba unapokauka. Uliza langoni, utaelekezwa kwa wavuvi.