Ndorobo wa kwetu na mbung'o wa Unguja

Haya jamani, nilipotea kidogo, si mnajua tena mambo ya UE. Bumu limekata ila nipo.

Juzi darasani wametajwa ndorobo, nikakumbuka nyumbani Biharamulo. Mzee alikuwa na ng'ombe 7. Wanne walikufa kwa nagana, waliobaki wakauzwa nilipiwe ada ya kidato cha tano. Kwa hiyo huyo mdudu tunajuana.

Nikauliza, Unguja walimmalizaje? Kumbe Unguja ilikuwa imeungana na bara mpaka bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu, miaka kama 10,000 iliyopita. Mbung'o wakanasa kisiwani. Kwa mageuzi ya viumbe huo ni muda mfupi mno, ndo maana hadi mwisho walikuwa aina ileile iliyoko pwani ya bara. Ila mkondo wa bahari uliwazuia wenzao kuja kuwaongezea nguvu. Basi wakapunguzwa kwa dawa, kisha madume yaliyofugwa Tanga yakapigwa mionzi na kumwagwa kwa ndege. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akimpata dume tasa imekula kwake. Mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa safi.

Sasa sisi? Ukisafisha kijiji kimoja, pori la Burigi-Chato linaendelea mpaka Ngara, hakuna maji ya kuwazuia.

Jana mzee kapiga simu, anataka kununua ndama wawili. Nimemwambia asubiri kwanza. Akakata.