Kamera moja ielekee kwa wazee

Tazama video nyingi za harusi zetu. Maharusi wapo, keki ipo, kamati ipo, hata magari yapo. Sasa mtafute bibi aliyemlea bwana harusi. Mara nyingi utaona mgongo wake tu, akipita kwenda kuchukua chakula.

Simlaumu mpiga video. Kamera moja haiwezi kutazama maharusi na wazazi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kijana wangu alipooa tuliomba ruhusa ya mchungaji, tukaweka kamera tatu kanisani: ya mpiga video mbele, ya mpwa wangu ikielekea benchi za wazazi, na simu ya binti yangu kwenye stendi ikitazama kanisa zima.

Mpwa wangu ndiye aliyetueleza kwamba DVD inaweza kubeba tukio lile lile kwa pembe hadi 9. Ukibonyeza kitufe cha ANGLE kwenye rimoti, picha inahamia kamera nyingine, sauti inaendelea ile ile.

Kazi hiyo ina masharti. Kamera zote zikishaanza kurekodi, mtu apige kofi moja kubwa. Sauti hiyo itasaidia kuzilinganisha baadaye. Kamera isizimwe katikati, kwa sababu picha za pembe zote lazima ziwe na urefu sawa. Nafasi nayo huisha haraka. DVD ya kawaida ya GB 4.7 hubeba kama saa mbili za picha nzuri. Ukiweka pembe tatu mwanzo hadi mwisho, unabaki na kama dakika 40. Sisi tulichagua viapo na kuvishana pete tu, sherehe iliyobaki tukaiacha pembe moja. Tena si kila programu ya kutengeneza DVD ina uwezo huo, hivyo fundi wako aulizwe mapema.

Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Katika pembe ya kwanza, mwanangu anakula kiapo. Bonyeza mara moja: sauti ni ile ile, lakini unamwona mama akichezesha midomo, akirudia maneno ya mjukuu wake neno kwa neno. Siku ile hakuna aliyemwona. Sote tulikuwa tunatazama mbele. Kwenye benchi hiyo hiyo, baba wa bibi harusi anafuta machozi, akijifanya anafuta jasho.

Wazazi wenzangu, kamati ikianza vikao, ombeni kamera moja ya wazee, hata kama ni simu tu. Na baada ya harusi, hifadhini picha halisi za kila kamera, kwa sababu DVD huchakaa. Video mtakayotumiana kwenye simu itaonyesha pembe moja tu, na mara nyingi si ile ya bibi.