Jiwe la Mdomo

"Baba watoto, amka. Samaki wote wako juu."

Ilikuwa Februari 2016, alfajiri, siku ya nne ya mawingu mazito yaliyogoma kuachia jua. Nilitoka na tochi. Perege wetu, mia mbili na ushee, tuliowalisha pumba na majani ya viazi kwa miezi mitano, walikuwa wamejaa usoni mwa maji, vinywa wazi, wakihema. Bwawa lenyewe nilikuwa nimelichimba nyuma ya nyumba, hapa Liparamba, mwaka niliopunguza kazi za mbali, na maji yake yalikuwa yamesimama tuli. Maji ya namna hiyo huota ukijani. Mchana ukijani huo hutoa hewa kwa nguvu ya jua. Usiku ukijani wenyewe huila hewa hiyohiyo, na samaki nao wanaihitaji. Jua likikosekana siku kadhaa, alfajiri hakuna kilichobaki.

Mimi na mke wangu tulichota maji kwa ndoo na kuyamwaga tena bwawani kutoka juu ya vichwa vyetu ili yaingie na hewa. Tulifanya hivyo mpaka kukapambazuka. Samaki kumi na saba walikufa. Mabega yakiniwaka moto, nilimwambia kwamba kazi ile ya ndoo nitawapa mawe.

Mawe nimeishi nayo. Baba alikuwa Mnyasa wa Liuli, na likizo za utotoni nilizimaliza ziwani, karibu na lile Jiwe la Pomonda ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri. Tulikuwa tukipiga mbizi na kufumbua macho chini ya maji. Penye mchanga mtupu hukuona kitu. Penye mawe, kila mwanya ulikuwa na wenyewe: vituwi wa buluu, wa njano, wenye mistari, wakikwangua ukijani juu ya jiwe na kujificha ufani kivuli cha mtu kikipita. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba wengi wao hawathubutu kuvuka mchanga kwenda mawe mengine, ndiyo maana aina za pwani hii si za pwani ile, na ndiyo maana Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Sijawahi kumtoa kituwi kwenye jiwe lake nikamleta bwawani, na siwezi kukubali mtu afanye hivyo.

Mama alikuwa Mmatengo wa milimani, mtu wa ngoro. Wanaume walifyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba kwenye mteremko. Kina mama wakazifukia kwa udongo na kupanda maharage, katikati ya kila mraba kukabaki shimo la kupokea mvua. Mlima mzima ukawa na vishimo, na udongo haukuteremka bondeni. Nikiwa na miaka minane alinionyesha mraba uliopasuka baada ya mvua ya usiku. "Ona, mwanangu, aliyelaza nyasi hizi alikuwa na haraka." Hakusema zaidi.

Ufundi wa uashi nilianza 1977, kwa kubeba maji na kuchekecha mchanga. Mzee aliyenifundisha alikuwa hasemi sana. Mwaka mzima sikushika mwiko. Alinifundisha kwanza kusikiliza jiwe: uligonge kwa nyundo, zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Akanifundisha timazi, pimamaji, na ule mpira mwembamba wa maji unaoonyesha usawa wa kona mbili zisizoonana. Na akanifundisha jambo moja dogo ambalo nililidharau kwa miaka mingi: kila kizingiti cha chini cha dirisha kichongwe mfereji mwembamba upande wake wa chini, karibu na ukingo, kidole kimoja hivi. Maji ya mvua yakifika hapo hudondoka. Bila mfereji huo hushika tumbo la kizingiti, yakarudi nyuma na kulowesha ukuta.

Kabla ya bwawa langu nilijenga la mwenye nyumba mmoja mjini Mbinga. Alitaka mawe na maporomoko kwenye bwawa lililokuwa tayari na samaki. Tuliwahamishia kwenye pipa, nikajenga kwa saruji siku tatu, ukuta ukakauka, tukawarudisha. Kesho yake wote walikuwa wanaelea. Saruji mpya hutoa chokaa majini, na chokaa hiyo inaua. Ilinipasa kujaza bwawa, kuliacha siku kadhaa, kulimwaga, kurudia tena na tena kwa wiki kama tatu, ndipo samaki warudi. Kosa lilikuwa langu, nililipa samaki wale, na uso wa watoto wa nyumba ile ninauona mpaka leo.

Kwa hiyo nyumbani niliapa kutumia saruji kidogo iwezekanavyo. Mawe niliyapata shambani, yale yaliyokuwa yakipinda majembe yetu. Ya kijitoni sikuyagusa, maana ndiyo yanayoshika kingo zake. Sipendi bwawa lililozungushiwa mawe ya ukubwa mmoja kama meno. Jiwe lilale kwa ubavu wake mpana, theluthi yake iingie ardhini, kubwa lishikane na dogo, kama mto ulivyolipanga. Chini ya maji niliacha mianya ya kuingia vifaranga, kwa sababu mdiria alikuwa akija kila asubuhi na fisi maji alishatutembelea.

Maji yalikuja kwa mserereko, bomba la nusu inchi kutoka chemchemi iliyo juu ya shamba, na ziada nikaielekeza kwenye magimbi na migomba. Nilipima: ndoo ya lita ishirini ilijaa kwa sekunde hamsini. Hayo ni maji machache. Ukiyapa jiwe pana yatalilowesha tu kama jasho. Nikatafuta jiwe la mdomo, la kuangushia maji bwawani, lenye upana wa kiganja, nikaliinamisha mbele kidogo. Mawe ya ngazi tatu za maporomoko, nyuma yake, niliyaegemeza kwenye ardhi ngumu, si juu ya udongo wa mfinyanzi tulioukanyaga kwa miguu kuziba bwawa, kwani uzito ungeupasua.

Siku tuliyofungua maji, vijana wangu wawili walipiga makofi. Jioni maji ya bwawa hayakuwa yamepanda hata kidole kimoja.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikitazama. Maji yalikuwa yanafika kwenye mdomo, yanashika tumbo la jiwe, yanarudi nyuma na kupotea ukutani. Kizingiti cha dirisha. Miaka thelathini na tisa, na yule mzee alikuwa amekwisha zikwa zamani.

Niliwaambia vijana wafunge maji. Nilitoa jiwe lile, nikalipindua mapajani, nikachukua tindo na kuchonga mfereji tumboni mwake, kidole kimoja kutoka ukingoni, polepole, kwa kuwa jiwe jembamba halivumilii pigo zito. Ilinichukua asubuhi nzima. Nyuma ya ngazi nikatandaza nailoni nzito na kuikunja pande zote, ili tone litakalopenya lirudi bwawani lenyewe. Nikalirudisha jiwe, nikalikaza kwa vijiwe.

Maji yalifika ukingoni, yakaachia, yakaanguka wima yakipasua uso wa bwawa kwa povu jeupe. Perege walisogea hapo mmoja mmoja. Nikakwaruza alama kwa msumari kwenye jiwe, usawa wa maji. Siku tatu tulikuwa tukienda kuitazama, mimi asubuhi, mke wangu jioni. Ya tatu aliinama akaigusa kwa kidole, akanionyesha kidole kimelowa.